Unataka kiyoyozi cha volti ndogo na huna umeme wa gridi? Pitia hapa kabla hujanunua cha volti 12

Kivuli Cha Mbuyu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Kila baada ya siku chache linarudi swali lilelile: "nina sola, sina gridi, nichukue AC gani ya DC?" Kwa mgeni: AC hapa ni kiyoyozi, DC ni umeme wa betri na sola, na inveta ni kifaa cha kuugeuza uwe wa volti 230 kama wa gridi. Mmoja atajibu ya volti 12, wa pili ya 24, wa tatu atabandika picha ya mashine inayong'aa halafu haonekani tena. Nimeona niweke yote niliyopitia sehemu moja, kisha mnipige mawe mkitaka.

Naanza na aibu yangu. Kiyoyozi changu cha kwanza kilikuwa cha volti 12, zile mashine za kufungwa juu ya kichwa cha lori ili dereva alale injini ikiwa imezimwa. Muuzaji alinihakikishia, "hii haitaki inveta, unaunga kwenye betri tu." Hapo hakunidanganya. Nikaifunga chumbani, nikavuta waya wa shaba wa milimita 10 za mraba, mita tano kutoka betri hadi mashine. Waya wenyewe ulikuwa mnene, nikajiona fundi. Usiku wa kwanza ikapuliza baridi safi kabisa mpaka saa nane, ikazima. Kioo kikaonyesha kosa la volti kushuka. Nikaamka na tochi kwenda kuangalia betri: asilimia 60 bado imo. Nikawasha tena, dakika kumi, ikazima. Tukafungua madirisha, mbu wakafanya karamu.

Asubuhi nikatoa mita. Kwenye vichwa vya betri, mashine ikiwa inavuta, 12.9. Kwenye mashine yenyewe, 11.4. Volti moja na nusu imepotelea njiani. Nikaushika waya: wa moto, si wa vuguvugu. Mashine ilikuwa imepangwa ijizime ikiona chini ya 11.5, kwa hiyo yenyewe ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Mwenye kosa ni mimi na waya wangu.

Hesabu yake ndiyo hii, na ukiielewa umeshaelewa nusu ya uzi huu. Mashine inayokula wati 1,000 kwenye volti 12 inavuta ampea 83. Kwenye volti 24 ni ampea 42. Kwenye 48 ni ampea 21. Waya wangu, mita tano kwenda na mita tano kurudi, una ukinzani wa kama omu 0.0175. Piga ampea 83 mara hiyo: volti 1.45 zimeliwa, na wati 120 zinapasha waya moto usiku kucha. Waya uleule, urefu uleule, kwenye volti 48 unakula volti 0.36 na wati 7 na ushei. Volti zimepanda mara nne, hasara imeshuka mara kumi na sita, kwa sababu joto la waya linafuata ampea zikijizidisha zenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama ni nyumba, sahau volti 12. Ya 24 ni ya anayelazimika. Ukiamua DC, iwe 48. Lakini volti wala si swali la kwanza. Swali la kwanza ni usiku mmoja utakula yuniti ngapi, na hilo linaamuliwa na dari yako, mlango wako na ukubwa wa chumba, kabla mashine haijatolewa kwenye boksi. Nitarudi kwenye hilo, ngoja kwanza nione nani yuko macho.

---

Ampea Moja

Nimeweka mkeka hapa mkuu. Endelea.

---

Fundi Koili

Umeongea vizuri kuhusu waya, ila kuna kitu watu hawakijui na wauzaji wanakitumia. Wanaposema "AC ya DC" wanataka uamini kwamba ndani kuna mashine tofauti. Hakuna. AC yoyote ya kisasa ya inveta (yaani yenye bodi ya kubadilisha kasi ya kompresa), hii ya ukutani ya volti 230, kitu cha kwanza inachofanya ni kuugeuza umeme wako kuwa DC ya kama volti 310 hadi 325, halafu bodi inaukatakata kuzungusha kompresa yenye mota ya sumaku isiyo na brashi. Mashine ya volti 48 nayo ina kompresa ya aina hiyohiyo. Tofauti iko mlangoni tu, umeme unaingiaje. Tena kuna za volti 48 ambazo ukizifungua unakuta bodi ya kupandisha volti kwanza kwenda mia tatu na kitu, yaani inveta umeinunua, imefichwa ndani ya bati.

Kwa hiyo mtu akikuambia DC inakula "nusu ya umeme", mwambie alete mita. Unachookoa ni hasara ya inveta yako, basi. Asilimia kama 8 hadi 12 hivi, na ule umeme inveta inaokula ikiwa haina kazi.

---

Mzee Kiangazi

Fundi, hapo kwenye inveta kukaa bila kazi usipite haraka vijana wakakosa uhondo. Inveta kubwa ya kilowati 5 inaweza kula wati 50 hadi 70 ikiwa imewaka tu, hata taa moja haijawashwa. Kwa saa 24 hiyo ni yuniti 1.2 hadi karibu 1.7. Kuna wazee wenzangu wana betri ndogo, inveta inaimaliza usiku na wao wanalaumu friji.

---

Kivuli Cha Mbuyu

Mzee wangu, shikamoo. Hapo ndipo penyewe. Mimi nawauliza watu swali moja: inveta yako usiku inalala au inakesha? Kama una friji inayotumia umeme wa inveta, basi inakesha. Gharama ya kukesha umeshailipa tayari, kuongeza AC ya kawaida ya inveta juu yake hakuongezi sana. Hapo mashine ya volti 230 ya ukutani, ndogo, nzuri, inashinda: vipuri vinapatikana, mafundi wanaijua, na hasara ni ile asilimia kumi tu. Kwangu friji ni ya DC na taa ni za DC, inveta nilikuwa naiwasha kwa AC peke yake. Ndiyo maana mimi nikaenda 48 moja kwa moja na inveta ikapumzika.

Kwa hiyo sisemi DC ni bora au mbaya. Nasema hesabu mkesha wa inveta yako.

---

Mkavu

Mkuu mimi nilisikia ile AC ya zamani isiyo ya inveta inauzwa bei ya kutupwa, nikiiweka kwenye sola shida iko wapi? Wati 900 tu imeandikwa.

---

Fundi Koili

Kaka, wati 900 ni ikiwa imeshazunguka. Kompresa ya kasi moja wakati wa kuanza inanyonya mara tano hadi saba ya hiyo, kwa sekunde moja au chini yake, lakini sekunde hiyo ndiyo inveta yako inalia na kuzima. Halafu inajizima na kuanza tena usiku kucha, kila mara na mkwaruzo wake. Ya inveta inaanza taratibu kama mtu anayepanda ngazi, ampea zinapanda polepole. Nje ya gridi usiguse ya kasi moja hata ukipewa bure.

---

Kivuli Cha Mbuyu

Nirudi kwenye yuniti. Naomba mnivumilie, hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kwenye mashine.

Chumba changu ni mita tatu na nusu kwa nne. Juu ni bati, na mwanzoni hapakuwa na dari. Nilipofunga mashine ya pili, ya volti 48 na BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), nikaweka mita ya DC kwenye waya wake. Usiku wa kwanza, saa tisa za kulala, rimoti kwenye 24: yuniti 3.9. Betri yangu ni ya lithiamu ile ya seli 16, volti 51.2, ampea-saa 100, yaani yuniti 5.1 ikijaa. Nikiacha akiba ya asilimia 20 nina 4.1. Maana yake AC peke yake inamaliza kila kitu na friji inabaki inaomba.

Mtu mwingine angeongeza betri. Mimi nikapanda juu na dari.

Nilipachika karatasi ya foili chini ya mabati, kisha dari ya mbao nyembamba chini yake. Sikilizeni hapa kwa sababu niliikosea mara ya kwanza: foili inafanya kazi ikiwa upande wake unaong'aa unatazama hewa tupu. Kazi yake ni kutorusha mng'ao wa joto. Ukiigandisha kwa gundi juu ya ubao, au ukaibana kati ya vitu viwili, inageuka chuma chembamba kinachopitisha joto kama sufuria. Mimi nilikuwa nimeibana kwenye mbao, nikaishusha yote, nikaacha nafasi ya kama sentimita tano, upande unaong'aa ukitazama chini. Siku iliyofuata saa nane mchana nikaweka kiganja karibu na dari. Kabla ya hapo ilikuwa kama kusimama chini ya pasi. Sasa unahisi ukuta wa kawaida.

La pili ni mlango. Chini ya mlango kulikuwa na uwazi wa kidole. Nikadharau. Kilichonizindua ni ndoo.

Ile hosi ya maji ya AC nilikuwa nimeielekeza kwenye ndoo, na siku moja asubuhi nikapima: lita sita. Nikakaa nikafikiri, haya maji yametoka wapi? Yametoka hewani. Na kuyageuza kuwa maji si bure: kila mvuke unapogeuka kuwa lita moja ya maji unatoa joto la kama yuniti 0.68, na mashine ndiyo inayolibeba kulitoa nje. Lita sita ni yuniti 4 za joto, zimekwenda kukausha hewa tu, wala hazikushusha hata nyuzi moja. Mashine yangu kila wati moja ya umeme inahamisha takriban wati nne za joto usiku, kwa hiyo yuniti moja nzima ya umeme niliitumia kukausha hewa, ikiwemo ile ya nje iliyokuwa inapita chini ya mlango. Nikaziba mlango, nikaziba tundu la waya kwenye ukuta, nikaziba kona mbili za dirisha. Ndoo ikashuka hadi lita tatu.

Halafu nikapandisha rimoti hadi 26 na kuweka pangaboi la DC lenye mota isiyo na brashi, linakula wati 28. Upepo juu ya ngozi unakufanya uhisi kama nyuzi mbili au tatu zimepungua. Pangaboi usiku kucha ni robo ya yuniti. Nyuzi mbili za AC ni zaidi ya hapo.

Matokeo, chumba kilekile, mashine ileile, watu walewale wawili: AC yuniti 2.2 kwa usiku. Kutoka 3.9. Sikuongeza betri hata moja.

---

Mama Wawili

Kaka Kivuli, hii ya ndoo imenifungua macho. Kwangu hosi inamwaga kwenye majani sijawahi kupima. Kesho naweka ndoo. Swali: chumba changu ni kidogo kuliko chako, mita tatu kwa tatu, lakini fundi ameniambia nichukue ya BTU 18,000 "ili ipoe haraka". Ni sawa?

---

Fundi Koili

Hapana dada. Fundi huyo amezoea wateja wenye gridi. Mafundi wengi tunaanza na kama BTU 600 kwa mita ya mraba ukiwa na bati na jua kali, na tunashuka kama una dari nzuri. Mita tisa za mraba ni BTU 5,400. Ya 9,000 ndiyo ndogo utakayoipata kwa urahisi na inatosha na kubaki.

Shida ya mashine kubwa kwenye chumba kidogo ni kwamba ina kiwango cha chini ambacho haiwezi kushuka zaidi. Angalia karatasi yake, wameandika uwezo wa chini kabisa na wa juu kabisa. Ikiwa chumba kinahitaji kidogo kuliko kile cha chini, inazima, inawaka, inazima, inawaka, na kila ikizima koili (mabomba ya baridi ya ndani) inapata joto na maji yaliyokuwa juu yake yanarudi hewani. Unapata chumba baridi na shuka mbichi. Mashine ndogo inayotembea polepole usiku kucha ndiyo inakausha vizuri.

---

Nyumba Ya Magurudumu

Wakuu mnaongea kama kila mtu ana nyumba. Mimi naishi kwenye basi nililoligeuza. Volti 12 ndiyo niliyonayo, gari zima ni 12. Nifanyeje, nife kwa joto?

---

Kivuli Cha Mbuyu

Usife mkuu, tunakuhitaji. Kwa gari hesabu inabadilika kwa sababu mbili. Kwanza, betri inaweza kukaa mita moja kutoka kwenye mashine, na hasara ya waya inafuata urefu. Mita moja ya waya wa milimita 35 za mraba ni hadithi nyingine kabisa na mita tano za waya wangu. Pili, nafasi ni ndogo.

Lakini angalia kidhibiti cha betri yako ya lithiamu, ile bodi ya ndani. Betri nyingi za volti 12 za ampea-saa 100 zinaruhusu ampea 100 mfululizo. AC ikivuta 83, ukiwasha pampu ya maji na chaja ya kompyuta umefika ukingoni, bodi inakata, giza. Mimi ningekuwa wewe ningeacha 12 iendelee na taa na pampu, halafu AC niipe betri yake ya 48 na kontrola yake ya sola. Hazigusani. Kama huwezi, basi chukua 24 na uweke betri mbili mfululizo kwa ajili yake.

Na basi ni sanduku la bati lenye vioo. Kabla ya mashine, pazia la foili upande wa nje wa kioo cha mbele. Upande wa ndani jua limeshaingia.

---

Ampea Moja

Mimi nimeona tangazo: volti 12, wati 500, BTU 12,000. Bei nzuri. Kivuli unasemaje, au muuzaji anatupenda tu?

---

Fundi Koili

Gawanya BTU kwa wati. Ni kipimo cha darasa la nne lakini kinafukuza matapeli wengi. Mashine nzuri ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zote, nje nyuzi 35, inakupa BTU 10 hadi 13 kwa kila wati moja. 12,000 gawanya kwa 500 ni 24. Hakuna mashine ya namna hiyo ya kufunga juu ya gari. Ama BTU ni za uongo, ama wati ni za wakati imetulia na BTU ni za wakati inakimbia, wamechukua nambari mbili za nyakati mbili wakaziweka mstari mmoja. Kwa wati 500 tegemea 5,000, labda 6,000 kama ni mashine ya maana.

Kwa wasiojua hizi nambari zilikotoka: BTU 12,000 kwa saa ndiyo "tani moja" ya baridi, na tani hiyo ni barafu. Ni baridi inayotoka tani moja ya barafu, ile ya Marekani ya ratili 2,000, ikiyeyuka kwa saa 24. Walikuwa wanapoza kwa barafu kabla ya mashine, kipimo kikabaki.

---

Mkavu

Na zile za kuweka maji na feni? Jirani anayo, inakula wati 80 na anajisifu kila siku.

---

Mzee Kiangazi

Jina lako ndilo jibu lako mwanangu. Kama hewa ya kwenu ni kavu, ile ya maji ni mfalme, AC haiikaribii kwa matumizi. Maji yanakauka, yanachukua joto, hewa inapoa. Kama hewa ya kwenu ina unyevu mwingi, maji hayakauki, unajipulizia ukungu na kitanda kinaota uyoga. Na hakikisha dirisha liko wazi, ile inataka hewa itoke. Kinyume cha AC.

---

Kivuli Cha Mbuyu

Mzee amemaliza. Niongeze tu: vile viboksi vidogo vya mezani vinavyotumia kibamba cha umeme chenye upande baridi na upande moto, msinunue kwa ajili ya chumba. Vinahamisha joto pungufu ya umeme vinaokula, na upande wake wa moto uko humohumo chumbani. Ni hita yenye aibu.

---

Nyumba Ya Magurudumu

Hahaha, hita yenye aibu. Ninayo moja.

---

Ampea Moja

Na zile zinazounganishwa na paneli moja kwa moja bila betri?

---

Mzee Kiangazi

Ninayo, mwaka wa tatu. Mchana jua likiwaka ni raha, inapiga baridi kwa umeme wa bure. Wingu likipita inashuka, likiondoka inapanda, unazoea. Jua likizama imekwisha, inaomba umeme wa pembeni, na ukiwa huna, huna. Kwa duka au ofisi ya mchana ni sawa kabisa. Kwa kulala haikufai, isipokuwa ufanye ninavyofanya mimi: kuanzia saa tisa alasiri naiacha ipoze kuta. Kuta zangu ni za tofali nene. Ukuta uliopozwa saa tatu mfululizo unakaa na baridi mpaka usiku wa manane. Hiyo ndiyo betri yangu, ya udongo.

---

Kivuli Cha Mbuyu

Mzee hilo nimeliiba. Hata mwenye betri lifanye: saa tisa alasiri betri nyingi zimeshajaa na kontrola inatupa umeme wa paneli. Washa AC muda huo, ule ni umeme ambao ungepotea.

Kwa paneli, hesabu yangu ilikuwa hivi. AC yuniti 2.2, ongeza hasara za kuchaji, sema 2.6. Kwangu jua zuri ni kama saa nne na nusu kwa siku, na paneli zikiwa za moto juu ya bati, vumbi, waya, napata robo tatu ya kilichoandikwa nyuma yake. 2.6 gawanya kwa 4.5 gawanya kwa 0.75, ni wati 770. Nikaweka mbili za wati 450 kwa ajili ya AC peke yake. Siku tatu za mawingu mfululizo tunalala na pangaboi, sijaona haja ya kujenga mtambo kwa ajili ya siku hizo.

Kama betri zako ni za asidi, hesabu nyingine. Usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo betri ya yuniti 5 ni ya yuniti 2.5.

---

Fundi Koili

Naomba niwe mkali kidogo hapa kwa sababu nimeona nyumba imeungua ukuta mmoja. Msitumie breka za kawaida za nyumbani kwenye DC. Umeme wa gridi wa hezi 50 unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inapozaliwa ndani ya breka inakufa yenyewe. DC haipiti sifuri kamwe. Breka ya kawaida ikikata mzigo wa DC mkubwa, cheche inabaki inawaka humo ndani kama mashine ya kuchomelea mpaka plastiki iyeyuke. Tafuta iliyoandikwa DC na volti zake. Na kama ina alama za kujumlisha na kutoa, ziheshimu, ukigeuza haikati.

Fyuzi iwe sentimita chache kutoka kwenye kichwa cha betri, si kule kwenye mashine. Betri ya lithiamu ikipata shoti inatoa maelfu ya ampea. Fyuzi za gari za kioo hazikatizi kitu hapo, tumia aina ya T.

Na vichwa vya waya mvibane kwa koleo la kubania lenyewe, msigonge kwa nyundo. Kivuli anajua.

---

Kivuli Cha Mbuyu

Najua. Nilipofungua ile mashine ya volti 12 kuiuza, kichwa kimoja cha waya kilikuwa cheusi na plastiki imevimba kama andazi. Niligonga kwa nyundo.

---

Mkavu

Gesi je? Wengine wanauza zenye R-410A, wengine R-32, nyingine R-290.

---

Fundi Koili

Zote zinapoza. R-410A inaachwa taratibu duniani kwa sababu ya joto la angani, kilo moja yake ni sawa na kilo zaidi ya 2,000 za hewa ya ukaa. R-32 ni 675. R-290 ni propani safi, karibu na sifuri, lakini inawaka kama gesi ya jiko, kwa hiyo huwekwa kidogo na fundi awe anajua anachofanya. R-32 nayo inaweza kuwaka ila kwa shida. Kwa mtu wa porini ninachouliza mimi ni: fundi wa karibu nawe ana gesi gani kwenye mtungi wake? Na akija kufunga, akitaka kutoa hewa kwenye bomba kwa kufungulia gesi "ipulize kidogo", mrudishe. Bomba linanyonywa kwa pampu ya vakumu, nusu saa, na unaangalia geji kama inarudi.

---

Mama Wawili

Ripoti ya ndoo. Usiku wa jana: lita tano na nusu, chumba cha mita tatu kwa tatu! Nimekagua kila kona, mlango wangu chini unapita panya akiwa amesimama.

---

Kivuli Cha Mbuyu

Dada ziba leo, upime kesho. Usibadilishe kitu kingine chochote, hata rimoti, ili ujue kilichofanya kazi.

---

Mama Wawili

Nimerudi. Leo asubuhi lita tatu kasorobo. Nimeziba kwa mpira wa baiskeli.

---

Nyumba Ya Magurudumu

Wa ndani au wa nje?

---

Mama Wawili

Wa ndani. Nimeupasua kwa urefu nikaupigilia kwenye mbao ya mlango, ile mikunjo yake inagusa sakafu. Ukifunga mlango unasikia unavuta pumzi.